Anayetaka kupunguza haki haanzi na Sura ya Nne

Mhariri,

Kila mswada wa kurekebisha Katiba unapochapishwa, swali la kwanza redioni na magazetini huwa ni moja: je, umegusa Sura ya Nne, ile ya haki? Jibu likiwa hapana, watu hushusha pumzi na mjadala huhamia kwenye vyeo na maeneobunge. Swali hilo ni zuri ila limechelewa. Aliyewahi kupunguza haki za Mkenya kwa njia ya marekebisho hakuanzia huko.

Katiba ya zamani ilikuwa na sura nzima, vifungu vya 70 hadi 86, iliyobeba kichwa cha kupendeza: ulinzi wa haki za kimsingi na uhuru wa mtu binafsi. Sura hiyo ilikuwapo mwaka 1966 watu walipoanza kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Ilikuwapo mwaka 1982 kifungu cha 2A kilipoifanya Kanu kuwa chama pekee. Mwaka 1988 majaji walipoondolewa ulinzi wa kazi, bado ilikuwapo. Hakuna siku iliyofutwa. Kilichofanyika ni kulegeza bawaba zake moja moja hadi mlango ukabaki umesimama kwa jina tu.

Bawaba ya kwanza ilikuwa kizingiti cha kura. Katiba ya Uhuru ilidai asilimia 75 ya wajumbe wa kila Bunge kwa marekebisho ya kawaida, na kwa mambo yaliyofungwa zaidi, haki za mtu zikiwamo, asilimia 90 ya Seneti. Mwaka 1965 viwango hivyo vikashushwa hadi asilimia 65. Mwishoni mwa mwaka uliofuata Seneti yenyewe ikatoweka, ikaunganishwa na Bunge la Wawakilishi. Hakuna neno la haki lililoguswa katika hayo yote. Lakini katikati ya mwaka huohuo wa 1966 mbunge aliyehama chama alikuwa ameshaanza kupoteza kiti, na mamlaka ya kuzuia watu kwa jina la usalama wa umma yalikuwa yameshapanuliwa. Mwaka 1968 wagombea huru wakafungiwa nje.

Marekebisho ya 1988 ndiyo yanayostahili kusomwa kwa makini zaidi, kwa sababu yaliunganisha mambo mawili ambayo kila moja peke yake lingeonekana dogo. Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa hesabu walikuwa wamekwisha kuondolewa ulinzi wa kazi mwaka 1986. Sasa majaji nao wakaondolewa, na papo hapo muda wa kumfikisha kortini mshukiwa wa kosa la adhabu ya kifo ukatolewa kwenye saa 24 hadi siku 14. Ndani ya sura ya haki kilichobadilika ni kipimo cha muda tu. Basi mtu akikaa siku 13 mikononi mwa waliomkamata, anapelekwa mbele ya jaji ambaye naye anaweza kufutwa wakati wowote. Ulinzi huo wa kazi ulirudishwa mwaka 1990, baada ya kelele nyingi.

Kuna bawaba nyingine ambayo haikuhitaji hata marekebisho. Kifungu cha 84 kiliruhusu mtu aliyevunjiwa haki kwenda Mahakama Kuu, na Jaji Mkuu angeweza kuweka kanuni za kuendesha kesi hizo. Kanuni hazikuwekwa. Mwaka 1989, katika kesi ya Maina Mbacha, mahakama ikaamua kwamba bila kanuni kifungu hicho hakifanyi kazi. Kanuni zilipatikana mwaka 2001. Kwa miaka kumi na miwili, sura nzima ya haki ilikuwa ikingoja karatasi ya utaratibu.

Walioandika Katiba ya 2010 walikumbuka hayo yote, na anayeisoma pamoja na historia hii ataona majibu yamepangwa moja baada ya jingine. Kifungu cha 22(4) kinasema wazi kwamba kukosekana kwa kanuni hakumzuii mtu yeyote kwenda kortini. Hilo ni jibu kwa uamuzi wa 1989. Kifungu cha 49 kilirudisha saa 24 kwa makosa yote. Na Kifungu cha 255 kikaorodhesha mambo kumi ambayo hayabadilishwi bila kura ya maamuzi: Sheria ya Haki, yaani hiyo Sura ya Nne, imo, na uhuru wa Mahakama, muhula wa Rais, majukumu ya Bunge, ugatuzi, hadi sura yenyewe ya marekebisho. Hiyo ya mwisho ndiyo niipendayo kuliko zote, kwa kuwa inaziba tundu la 1965: huwezi kushusha kizingiti kwanza kisha ukapita juu yake.

Hata hivyo ngome ina malango, na ni vizuri tuyajue vipimo vyake.

Lango la Bunge ni Kifungu cha 256. Mswada ukishasomwa mara ya kwanza, haurudi kwa usomaji wa pili kabla ya siku 90 kupita. Kisha unahitaji thuluthi mbili ya wanachama wote wa kila Bunge, katika usomaji wa pili na tena wa tatu. Nasisitiza: wanachama wote, wala si waliofika ukumbini. Bunge la Kitaifa lina wabunge 349 wenye kura, hivyo idadi ni 233. Seneti ina 67, idadi ni 45. Februari 2019 mswada wa kutimiza usawa wa jinsia bungeni ulikwama kwa sababu hiyohiyo. Wabunge 174 tu ndio waliokuwapo, kura haikuweza hata kupigwa. Kizingiti kinachozuia haki kupunguzwa huzuia pia kupanuliwa, na wanaolalamikia jambo hilo wana hoja, ingawa sijaona bado njia ya kukilegeza upande mmoja bila kukilegeza upande wa pili.

Lango la pili, Kifungu cha 257, huitwa la wananchi. Saini za wapigakura milioni moja waliosajiliwa, tume ya uchaguzi (IEBC) inazihakiki, mswada unapelekwa kwa kila bunge la kaunti, nalo lina miezi mitatu kuamua, ukikubaliwa na kaunti 24 kati ya 47 unafika Bungeni. Hapa ndipo wasomaji wengi hupitwa. Bungeni, mswada wa njia hii hauhitaji thuluthi mbili. Unahitaji wingi wa kawaida wa wanachama wa kila Bunge, yaani 175 kwa Bunge la Kitaifa na 34 kwa Seneti. Bunge moja likiukataa, haufi. Unakwenda kwa kura ya maamuzi. Na kama haugusi lolote kati ya yale kumi, ukipita Mabunge yote mawili unatiwa saini na Rais bila mwananchi kupiga kura. Kwa hesabu tu, lango la wananchi ni jepesi kuliko la wabunge, mradi mtu awe na fedha na watu wa kukusanya saini milioni moja. Nani ana uwezo huo? Aghalabu ni mwenye dola, si mwananchi.

Ndiyo maana kesi ya BBI, ule mpango wa maridhiano wa Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga uliotaka kurekebisha Katiba kwa njia ya saini, ilikuwa na uzito ambao wengi waliusahau baada ya siasa zake kupoa. Mahakama Kuu iliusimamisha mswada ule Mei 13, 2021, Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo kwa sehemu kubwa Agosti 20, na Mahakama ya Juu ikatoa neno la mwisho Machi 31, 2022. Mahakama mbili za chini zilikuwa zimesema Katiba ina muundo msingi usioweza kubadilishwa kwa njia za kawaida, bali kwa hatua nne: elimu kwa raia, ushirikishaji wa umma, baraza la katiba na kura ya maamuzi. Mahakama ya Juu ililikataa fundisho hilo. Ikashikilia, hata hivyo, kwamba Rais hawezi kuanzisha marekebisho kwa Kifungu cha 257.

Matokeo yake kwa mtu wa kawaida ni haya: hakuna ngome ya siri nyuma ya maandishi. Hakuna fundisho la mahakama litakaloiokoa Sura ya Nne ikiwa masharti ya vifungu vya 255 hadi 257 yametimizwa sawasawa. Haki zetu zina ulinzi wa taratibu zile tu, na utaratibu husaidia iwapo kuna anayeuhesabu.

Tuihesabu basi kura ya maamuzi yenyewe. Watu hudhani ni ukuta. Kifungu cha 255(2) kinadai mambo mawili: angalau asilimia 20 ya wapigakura waliosajiliwa wajitokeze katika angalau nusu ya kaunti, na wingi wa kawaida wa waliopiga kura uunge mkono. Kaunti 24, basi. Katika kaunti yenye wapigakura 100,000, watu 20,000 wakijitokeza sharti limetimia, na hata kaunti 23 zilizobaki zikilala nyumbani, kura ni halali. Anayesusia kura ya maamuzi akidhani anaiharibu anakosea hesabu. Kizingiti kiko chini mno kwa kususia kuwa silaha. Anayepinga aende akapige kura ya La.

Kuna tatizo jingine la kura hiyo ambalo bado halina jibu. Mswada wa BBI ulikuwa na vipengele 74. Je, mpigakura angeulizwa swali moja tu la Ndiyo au La, au kila jambo lingekuwa na swali lake? Mahakama ya Juu ilisema suala hilo halijaiva kuamuliwa. Maadamu halijaamuliwa, mbinu ya kufungasha inabaki mezani: jambo moja baya huviringishwa ndani ya mambo kumi matamu, na mpigakura hawezi kulichagua na kulitoa.

Sasa namna ya kuusoma mswada. Ningeshauri mtu aanze mwishoni. Majedwali na masharti ya mpito hukaa huko, na huko ndiko mambo hufichwa, kwa kuwa msomaji keshachoka. Jedwali la pili la BBI liligawa maeneobunge mapya 70, na Mahakama ya Juu ililiona kuwa kinyume cha Katiba kwa sababu umma haukushirikishwa kulihusu. Jedwali dogo hubeba mzigo mkubwa.

Kisha atazame kila kinachogusa ajira, nidhamu na kuondolewa kwa majaji, yaani vifungu vya 166, 168 na 171. BBI haikupendekeza kufuta haki ya kusikizwa kwa haki. Ilipendekeza ofisi ya mpokeaji wa malalamiko dhidi ya mahakama, mwenye ofisi hiyo ateuliwe na Rais, aidhinishwe na Seneti, na akae ndani ya Tume ya Huduma za Mahakama, ambayo leo ina wanachama 11. Mtu anaweza kuona ni jambo jema, kwani malalamiko dhidi ya mahakama yapo tele. Lakini aliyesoma 1988 hujiuliza kwanza ni nani anayeishika shingo ya jaji.

Baada ya hapo, vipimo vya muda na maneno madogo. Saa zikigeuka siku. Neno la lazima likigeuzwa kuwa la hiari. "Na" ikiwa "au". Na zaidi ya yote, mkia wa "isipokuwa kama itakavyoelezwa na sheria", ambao katika Katiba ya zamani ulining'inia karibu kila haki na kuiachia Bunge kwa wingi wa kawaida. Mkia huo ukiongezwa kwenye kifungu chochote cha haki, haki hiyo imeshuka daraja hata kama maneno yake mengine ni yaleyale.

Mwisho, ahakikishe ameshika nakala halali. Si utani: wakati wa BBI kamati ya Bunge iligundua kwamba mabunge ya kaunti hayakuwa yamepitisha nakala moja, zilikuwapo zenye rejeleo la kifungu lisilo sawa. Nakala ya kuaminika ni ile iliyochapishwa rasmi au iliyopatikana kwa Karani wa Bunge.

Maoni yanapoitishwa chini ya Kifungu cha 118, barua ya kurasa ishirini za hasira haimsaidii karani wa kamati. Inayofanya kazi ni fupi: nambari ya kipengele cha mswada, maneno yaliyopo sasa katika Katiba, maneno yanayopendekezwa, athari yake kwa sentensi mbili, na maneno mbadala unayoyataka. Weka tarehe, pata muhuri wa kupokelewa, hifadhi nakala. Kesi za ushirikishaji wa umma huamuliwa kwa karatasi za namna hiyo, na upande usio na karatasi hubaki kusema tu kwamba haukuulizwa.

Lakini nisiwapotoshe wasomaji wadhani hatari kubwa iko kwenye marekebisho ya Katiba. Tangu 2010 haki nyingi zilizojaribiwa kupunguzwa zilijaribiwa kwa sheria za kawaida, zinazopita kwa wingi wa waliopo na zisizohitaji kaunti wala kura ya maamuzi. Sheria ya marekebisho ya usalama ya Desemba 2014 ni mfano. Ndani yake mlikuwa na kikomo cha wakimbizi 150,000 nchini, masharti ya kubana vyombo vya habari, na njia ya kuzuia dhamana iliyokwisha kutolewa. Februari 23, 2015, Mahakama Kuu iliviondoa vifungu vinane. Kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kilichotumiwa kuwashtaki walioandika mitandaoni, kilianguka Aprili 2016. Kosa la jinai la kuchafua jina nalo likaanguka Februari 2017.

Zote zilianguka kwa kipimo cha Kifungu cha 24, na inafaa kila mhariri akibandike ukutani. Sheria inayopunguza haki si halali isipokuwa imetaja waziwazi nia ya kuipunguza haki hiyo, pamoja na namna na kiasi cha kuipunguza. Lazima upunguzaji uwe wa kiasi kinachokubalika katika jamii huru ya kidemokrasia, ukipima uzito wa lengo na kama hapakuwa na njia yenye madhara madogo zaidi. Na mzigo wa kuthibitisha hayo ni wa Serikali, si wa raia. Haki nne hazipunguzwi kabisa, chini ya Kifungu cha 25: kutoteswa, kutotumikishwa kama mtumwa, kusikizwa kwa haki, na amri ya kumleta mtu mbele ya mahakama.

Hata palipo na maandishi mazuri kuna mwanya. Saa 24 za Kifungu cha 49 zikiisha nje ya saa za mahakama, muda husogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo asili ya kamatakamata ya Ijumaa jioni: mtu hulala seli hadi Jumatatu na hakuna kifungu kilichovunjwa. Hakuna marekebisho yaliyohitajika, ni saa ya ukutani tu.

Anayekwenda kortini ajue haya. Kifungu cha 22 kinamruhusu kushtaki kwa niaba yake, ya mwingine asiyeweza, ya kundi, au kwa maslahi ya umma, na hakuna ada ya kufungua kesi ya namna hiyo. Kanuni za mwaka 2013 zinakubali hata barua au ombi la mdomo, ambalo korti italiandika. Mahakama za mahakimu zina nafasi finyu: ni mateso na utumwa tu, mengine ni Mahakama Kuu. Mwanasheria Mkuu akishapokea hati ana siku 14 za kujibu, na wakati huo unaweza kuomba amri ya muda ya kuhifadhi hali ilivyo.

Kesi nyingi hazifi kwa kukosa haki bali kwa kukosa usahihi. Tangu uamuzi wa Anarita Karimi Njeru wa 1979, mlalamishi anatakiwa kutaja kifungu gani kimevunjwa, kwa kitendo gani, na kimemdhuru vipi. Kuorodhesha vifungu kumi na tano kwa mkupuo humfanya jaji ashindwe kukiona kimoja kilicho na damu. Pia zipo zinazofunguliwa mapema mno, mswada ukiwa bado uvumi, na zipo zinazoruka njia nyingine iliyowekwa na sheria; zote hurudishwa mlangoni.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni la kurasa zako. Kifungu cha 7 kinaitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, ilhali miswada ya kurekebisha Katiba huwafikia wananchi kwa Kiingereza cha mawakili. Siku mswada ujao utakapochapishwa, kutakuwa na siku 90 kabla ya usomaji wa pili ukija kwa njia ya Bunge, na miezi mitatu katika kaunti ukija kwa njia ya saini. Tengeni ukurasa mmoja kila wiki wenye safu mbili: kushoto maneno yaliyopo, kulia yanayopendekezwa, yote kwa Kiswahili, mkianza na majedwali.